Diski ya Kasi: Haja, Pambo au Israfu?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, kwa kuwa nasomea mambo ya kompyuta, kila mwanzo wa mwaka wa masomo huulizwa swali lilelile: "Ustadhi, diski ipi ina kasi kuliko zote?" Muulizaji huwa tayari ana pesa mfukoni na hamu ya kununua imeshampanda. Ni nadra kuulizwa ni kasi kiasi gani inayomtosha mtu. Na ni nadra zaidi kuulizwa mtu ataufanyia nini muda atakaouokoa. Leo nataka kulichukua swali hilo la dukani nilipime kwa mizani ya akili na ya dini. Diski ya kasi ina thamani gani kwa kompyuta ya nyumbani? Je, ni haja, ni pambo, au ni israfu?

Huenda mwenzangu akasema jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. Mimi sioni hivyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi tunafundishwa kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa, pamoja na mambo mengine, juu ya umri wake na juu ya mali yake. Kununua diski ya kasi kunagusa mambo hayo mawili kwa pamoja: unatoa mali ili urudishiwe sehemu ya umri. Ni biashara kati ya pesa na muda, na kila biashara inataka mizani iliyo sawa.

Kasi ni nini hasa?

Kabla ya kutoa hukumu, tulijue jambo lenyewe. Kompyuta ina sehemu mbili za kuweka vitu. RAM ni kama meza: kile unachokifanyia kazi sasa hivi kipo juu yake, na umeme ukikatika meza yote inafagiwa. Diski ni kama kabati: humo hukaa programu, picha na kazi zako zote, hata mashine ikizimwa. Kila unapowasha kompyuta au kufungua faili, kuna kitu kinatolewa kabatini kuletwa mezani. Kasi ya diski ni kasi ya safari hiyo.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Chombo kizima kilikuwa kikubwa kuliko kabati la nguo, na kilibeba herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo ingeweza kukijaza. Baada ya hapo sahani zikawa ndogo na mizunguko ikaongezeka. Laptopu nyingi tulizozizoea zilikuja na diski za mizunguko 5,400 kwa dakika, na kompyuta za mezani 7,200. Mwaka 2003 kampuni ya Western Digital ikatoa diski iliyoitwa Raptor, ya mizunguko 10,000, yenye gigabaiti 36 tu. Wapenzi wa kasi wakaifunga kwenye kompyuta za nyumbani, ingawa pesa hiyohiyo ingewapa diski ya kawaida yenye nafasi kubwa zaidi.

Walinunua nini hasa? Tupige hesabu. Sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani, data unayoitaka iko umbali wa nusu mzunguko, yaani unaisubiri milisekunde 4.2. Kwa mizunguko 10,000 unaisubiri milisekunde 3. Kabla ya hapo mkono wa kusomea lazima usogee hadi mahali pake: kwenye diski ya kawaida ya mezani kama milisekunde 9, kwenye Raptor kama 5. Basi mtu alilipa zaidi na kupata nafasi ndogo, ili kila safari ya kabatini ipungue kwa elfu chache za sekunde.

Kisha zikaenea diski zisizo na sahani wala mkono, ambazo data zake hukaa ndani ya chipu. Hizi ndizo SSD. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka wala kusogea, safari moja ya kabatini huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, pengine pungufu ya hapo. Kila mizunguko iliyoongezwa miaka yote ile ilikuwa hatua ndogo. Kuacha mizunguko kabisa kulikuwa kitu kingine.

Hatua ya kwanza: kusubiri kunakoumiza

Tuchukulie kwamba kompyuta inapowaka inahitaji vipande 5,000 vidogo vya data vilivyotawanyika huku na huku. Diski ya kuzunguka ya laptopu ikichukua milisekunde 15 kwa kila kipande, jumla ni sekunde 75 za kusubiri diski peke yake. SSD ikichukua sehemu moja ya kumi ya milisekunde, jumla ni nusu sekunde. Hiyo ndiyo sababu mashine uliyodhani imezeeka huonekana imezaliwa upya ikibadilishwa diski, na kumbe kichakato chake hakikuwa na ubaya wowote.

Namjua dada mmoja anayesomea uuguzi hapa Bujumbura. Laptopu yake alipewa na mjomba wake, nayo ni miongoni mwa zile zilizotumika ughaibuni zikaletwa kupitia Dubai, kisha bandari ya Dar es Salaam, kisha barabarani hadi kwetu. Betri yake imechoka, haifiki hata saa moja. Mtaani kwao umeme ukikatika usiku, muda wa kusoma ni ule uliobaki ndani ya betri tu. Na katika muda huo mfupi, dakika nyingi zilikwisha akiangalia kiduara kikizunguka kwenye kioo. Fundi mmoja wa Buyenzi akamwondolea diski ya kuzunguka, akamwekea SSD ya kawaida kabisa, si ya bei kubwa. Laptopu ni ileile, betri ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwanga wa betri anautumia kusomea.

Kwa dada huyu diski ya kasi ni haja, wala siiti anasa. Kusubiri kwake kulikuwa kunakata kitu chenye thamani: masomo, usingizi, na haki ya wagonjwa watakaomtegemea kesho. Tena kuna faida nyingine. Badala ya kuitupa mashine nzima na kutafuta mpya, alibadilisha kiungo kimoja tu. Mafundi wa Buyenzi wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu tuliosoma: kitu kilichoharibika upande mmoja si takataka. Kukirefushia maisha ni kuikimbia israfu.

Hatua ya pili: kusubiri kunakowasha tu

Sasa tuje kwa yule anayesema, "Sheikh wangu, nataka ile ya mwisho kabisa." Tayari ana SSD. Sanduku la diski yake limeandikwa megabaiti 550 kwa sekunde. Dukani ameona nyingine ya 3,500, na pembeni yake nyingine ya 7,000. Anaona namba imekua zaidi ya mara kumi, na moyo unamwambia kwamba kazi yake nayo itakwenda mara kumi.

Moyo unamdanganya. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alitoa hoja kuhusu kompyuta zenye vichakato vingi, na hoja hiyo inafaa mahali pengi: ukiongeza kasi ya sehemu moja ya kazi, faida yako haiwezi kuzidi muda uliokuwa ukitumiwa na sehemu hiyo. Chukua kazi inayomaliza sekunde 20, ambamo diski inasubiriwa sekunde 2 tu. Ukiweka diski yenye kasi mara mbili, kazi itachukua sekunde 19. Ukiweka diski ya ajabu isiyochukua muda wowote, kazi itachukua sekunde 18. Sekunde nyingine 18 ziko kwenye kichakato, kwenye intaneti, au kwenye vidole vyako mwenyewe.

Angalia vitu tunavyovifungua kila siku. Faili la tasnifu la megabaiti 5 kwa diski ya 550 husomwa kwa milisekunde 9. Kwa diski ya 7,000 husomwa kwa pungufu ya milisekunde moja. Kupepesa jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100. Umenunua tofauti ambayo jicho lako halikuumbwa kuiona. Na ukitaka kunakili gigabaiti 50 kwenye flashi inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde, utasubiri karibu dakika 28, hata kama diski yako ni ya 7,000. Msafara unakwenda kwa mwendo wa ngamia aliye nyuma.

Lipo pia lile neno dogo linalotangulia namba kwenye sanduku: "hadi". Hadi 7,000. Namba hiyo hupatikana pale diski inaposoma faili moja kubwa lililonyooka. Kompyuta ya nyumbani kutwa nzima inasoma vipande vidogo vilivyotawanyika, na huko namba huwa ndogo sana. Tena diski ya 7,000 ukiichomeka kwenye mashine iliyotengenezwa kwa kizazi kilichotangulia, itashuka hadi karibu 3,500, na kwenye mashine za zamani zaidi haina hata pa kuchomekwa. Muuzaji anayejua hayo akanyamaza, na ajikumbushe Sura ya Al-Mutaffifiin. Anayepunja kipimo hapunji kwa kilo peke yake.

Sisemi diski hiyo haina mwenyewe. Kijana anayehariri video za mihadhara usiku kucha, mtafiti mwenye faili za picha za satelaiti, mtu anayeshughulikia data kubwa kila siku: hawa wanasoma na kuandika mafaili makubwa yaliyonyooka, na kwao zile sekunde zinakusanyika zikawa saa. Diski ileile ni chombo cha kazi kwa mmoja na pambo kwa mwingine. Kwa hiyo hukumu haiwezi kuandikwa juu ya diski. Inaandikwa juu ya mtu na kazi yake.

Dakika iliyookolewa huenda wapi?

Hapa ndipo swali linapotoka mikononi mwa fundi na kuingia mikononi mwetu sote. Tunasema diski "inaokoa muda". Lakini muda hauwekwi akiba. Sekunde kumi ulizookoa asubuhi huzikuti jioni zikikungoja kama faranga ndani ya kibubu. Muda uliookolewa hutumika palepale, kwa kitu kilichokuwa karibu zaidi na nafsi yako. Kama karibu yako kuna kitabu, utakwenda kitabuni. Kama karibu yako kuna mabishano ya mpira na video fupi zisizokwisha, diski ya kasi itakufikisha huko mapema zaidi. Mashine inaongeza mwendo. Njia unaichagua wewe.

Imamu Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria bila kufikisha miaka 46, akatuachia Riyadhus Salihiin na vitabu vingine ambavyo mpaka leo vinasomeshwa kutoka Damaski hadi Buyenzi. Simtaji ili niseme turudi kwenye kalamu ya mwanzi. Namtaja kwa sababu anatuonyesha kwamba baraka ya muda na kasi ya chombo ni mambo mawili mbalimbali. Inawezekana mtu akawa na kimoja bila ya kingine. Tunachokitamani moyoni ni baraka, lakini kinachouzwa dukani ni kasi.

Kuna jambo jingine la kuliangalia. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Anbiyaa, inatukumbusha kwamba mwanadamu ameumbwa na haraka. Haraka hii haishibi. Mtu aliyekuwa akisubiri dakika mbili bila kulalamika, ukimpa mashine inayowaka kwa sekunde kumi, baada ya mwezi mmoja sekunde kumi zinamkera. Na watengenezaji wa programu nao wakiona mashine zimepata nguvu, wanaongeza uzito. Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Anayetafuta kuridhika kwa kuongeza kasi anafukuza kivuli chake.

Kwa hiyo mimi nagawanya kusubiri katika mafungu mawili. Kuna kusubiri kunakoumiza: kunakata kazi, kunamaliza betri, kunamfanya mtu aache kusoma. Na kuna kusubiri kunakowasha tu: hakukuondolei kitu, ila nafsi haikipendi. La kwanza ni halali yako kuliondoa kwa mali, na pengine ni wajibu wako. La pili lina dawa mbili, pesa na subira, na dawa ya subira haimalizi pesa. Lakini tusichanganye: subira si kukaa na mashine mbovu hali uwezo wa kuitengeneza upo. Dada yule wa uuguzi hakuhitaji mawaidha ya subira. Alihitaji diski.

Mali yangu, shauri langu?

Ndugu mmoja wa bweni letu alinijibu hivi: "Pesa ni yangu, nimeichuma kwa halali. Diski si pombe. Nani aliyeiharamisha?" Ni hoja nzito na inastahili jibu. Ni kweli hakuna aliyeiharamisha. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-A'raf, inawakemea wanaoharamisha mapambo ambayo Allah (s.w.) amewatolea waja wake. Mtu akipenda kitu kizuri hana dhambi, wala mimi si mufti wa kumtoza mtu hesabu ya mfuko wake.

Hata hivyo, kati ya haramu na busara kuna uwanja mpana. Imamu Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, katika kitabu chake Al-Muwafaqat aliyapanga maslaha ya watu katika ngazi tatu: dharura, ambazo bila hizo maisha na dini huharibika, haja, ambazo bila hizo watu huingia katika dhiki, na mapambo, ambayo huyafanya maisha yawe mazuri zaidi. Ngazi ya tatu haikukatazwa. Lakini ni ngazi ya tatu, na haipandwi kwa kuivunja ya kwanza na ya pili. Sura ya Al-Furqaan inawasifu wale wanaotoa bila ya kupita kiasi na bila ya ubahili, wakawa katikati. Katikati hiyo haiko mahali pamoja kwa kila mtu. Mwenye nacho na asiye nacho wanaweza kununua kitu kimoja, mmoja akawa katika halali yake na mwingine akawa amekula haki ya mtu.

Na kwa wengi wetu neno "pesa yangu" lina wenyewe wengi. Nyuma yake yuko baba aliyeuza ng'ombe, kaka anayeendesha teksi, mama anayekaa sokoni tangu alfajiri. Mwanafunzi ni wakili wa mali zaidi kuliko mwenye mali. Wakili huulizwa zaidi.

Amana kabla ya kasi

Mwaka huu mizani hii ilinifika nyumbani. Kompyuta yetu ni ya mezani, iko sebuleni, na ni ya watu wote. Mama anauza vitenge, na humo zimo hesabu zake: nani amelipa, nani anadaiwa. Mdogo wangu anafanyia kazi za shule. Mimi naandikia tasnifu. Na ndani ya folda moja kuna sauti ya marehemu babu akitusomesha Juzuu Amma, iliyorekodiwa kwa simu miezi michache kabla hajaitwa na Mola wake. Sauti hiyo haipo mahali pengine popote.

Mama alinikabidhi kiasi cha pesa akaniambia, "Mwanangu, ifanye hii kompyuta iache kutuchelewesha." Pesa ile ilitosha mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, SSD ya kasi ya juu, ambayo mashine yetu isingeweza hata kuitumia yote. La pili, SSD ya kawaida pamoja na diski ya nje ya kuzunguka, ya polepole, ya kuwekea nakala.

Nilipolitazama jambo kwa macho ya fundi niliona hivi. Chipu za SSD huchakaa kwa kuandikwa, lakini kwa matumizi ya nyumbani hilo lisitutishe. Diski iliyopewa kikomo cha terabaiti 300 za kuandika, ukiiandikia gigabaiti 20 kila siku, itakuchukua zaidi ya miaka 40 kukifikia. Hatari iko kwingine. Diski ya kuzunguka mara nyingi huumwa kwanza: inagonga, inakwaruza, inapunguza mwendo, nawe unapata nafasi ya kuokoa vitu. SSD inaweza kunyamaza siku moja bila ya dalili, na kutoa data ndani yake ni kazi ngumu, pengine isiyowezekana. Ongeza umeme unaorudi kwa kishindo, mwizi, na kikombe cha chai cha mtoto. Hakuna kasi duniani inayoweza kurudisha sauti ya babu ikishapotea.

Nilipolitazama kwa macho ya dini niliona jambo hilohilo. Hesabu za mama ni haki za watu. Deni lililofutika kwenye diski halijafutika mbele ya Allah, ila mama hatakuwa na ushahidi, na mdaiwa mwaminifu hatajua amebakiza kiasi gani. Tasnifu yangu imelipiwa kwa jasho la wengine. Vyote hivyo ni amana, na amana huhifadhiwa kabla ya kupambwa. Tunaijua sote ile Hadithi ya mtu aliyeuliza amfunge ngamia wake au ategemee tu, akaelekezwa afunge kwanza ndipo ategemee. Nakala ya pili ndiyo kamba ya ngamia huyo.

Nikamweleza mama kwa lugha isiyo na megabaiti: "Mama, kwa pesa hii naweza kuifanya ikimbie kidogo zaidi ya tunavyohitaji, au naweza kuifanya ikimbie vya kutosha na daftari lako liwe mahali pawili." Hakufikiri hata kidogo. "Daftari mahali pawili," akasema. Tukanunua ya kawaida, pamoja na ile ya polepole ya nje. Kila Alhamisi jioni mdogo wangu huichomeka, ananakili, anaichomoa na kuifungia kabatini. Hiyo ya polepole ndiyo iliyo ghali kuliko zote kwetu.

Maswali manne kabla ya kufungua pochi

Basi ndugu yangu akinijia na swali lile la kasi kuliko zote, siku hizi namrudishia maswali manne.

Kwanza: unasubiri nini hasa? Kama bado una diski ya kuzunguka na mashine inakuchosha, badilisha, wala usione haya. Kama tayari una SSD, angalia kwanza kama tatizo si RAM, si intaneti, au si programu nyingi ulizoziacha wazi.

Pili: kusubiri huko kunakuumiza au kunakuwasha? Jibu kwa ukweli, maana hapo hakuna anayekusikia ila nafsi yako na Mola wako.

Tatu: amana zako ziko mahali pangapi? Ukijibu "pamoja", basi pesa yako ya kwanza ni ya nakala. Kasi ingoje zamu yake.

Nne: diski ya zamani utaipeleka wapi? Usiitupe. Ikiwa nzima, fundi anaweza kuitia ganda la kuchomeka kwa USB ikawa ndiyo diski yako ya nakala. Ukiamua kuiuza, ifute kikweli kwanza. Kutupa faili kwenye pipa la kioo hakuliondoi kwenye diski, na picha za dada zako na mazungumzo ya rafiki zako si bidhaa.

Mtu akishayajibu manne hayo kisha akaona bado anaihitaji ile ya 7,000, aende akainunue kwa roho safi, na Allah amtilie baraka ndani yake. Wengi niliowauliza walirudi na ya kawaida, wakabakiwa na pesa ya nakala au ya ada ya mwenzao.

Thamani ya diski, kwa hiyo, haisomwi kwenye sanduku. Inasomwa kwenye kile kilichokuwa kinakatizwa na kusubiri, na kwenye kile kinachofanywa kusubiri kukiisha. Diski ya kasi ndogo iliyohifadhi haki za watu ina uzito kuliko ya kasi kubwa iliyotufikisha upesi kwenye upuuzi. Tunamuomba Allah (s.w.) atupe umri wenye baraka, mali yenye manufaa, na macho ya kutofautisha haja na hamu.